Chatini ya Parachichi na Chumvi ya Sinia Moja

Alasiri ya Ramadhani, njia zinazotoka soko la Darajani kuelekea Mkunazini, Kiponda na Malindi hujaa watu waliobeba vikapu. Vikapuni mna muhogo, ndizi mbichi, tende, nazi na, msimu unaporuhusu, maparachichi, tunda ambalo baadhi ya wazee wa Unguja bado huliita embe mafuta. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe parachichi hilo lina safari moja tu: humenywa, likatiwa maziwa na sukari, likasagwa, likanywewa kwa bilauri baada ya adhana ya Magharibi. Si kawaida kulikuta limetiwa ndimu, pilipili na chumvi kidogo, likawekwa katikati ya sinia ili kila mmoja achovye kipande chake cha muhogo.

Kwao parachichi, huko Meksiko, mambo ni kinyume. Wenyeji waliozungumza Kinahuatl waliliponda na kulifanya kitoweo walichokiita ahuacamolli, maana yake mchuzi wa parachichi, na kutokana na neno hilo ulimwengu umepata guakamole. Siku hizi kitoweo hicho hupambwa juu kwa maharage, nyanya, vitunguu, jibini au nyama, kikawa chakula cha wageni wengi kwa pamoja. Mzanzibari hahitaji kuazima jina hilo. Anayekula kachori, bajia au urojo ameshaijua chatini ya embe na chatini ya nazi, na kitu kilichopondwa kikachanganywa na ndimu, pilipili na majani ya kotmiri hakina jina jingine lililo sahihi zaidi. Hii ni chatini ya parachichi.

Kuna sababu ya kiafya ya kulihamisha tunda hili kutoka kwenye bilauri hadi kwenye sinia. Gramu 100 za parachichi zina sukari isiyofika gramu moja. Sukari ya juisi, basi, haitoki kwenye tunda bali kwenye kijiko. Vijiko viwili vya chakula vya sukari ni takriban gramu 25, na hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linaona ni bora mtu mzima asikivuke kwa siku nzima. Bilauri moja ya futari yaweza kukimaliza kabla mtu hajagusa tende wala kaimati. Mgonjwa wa kisukari anayeambiwa kliniki kwamba parachichi halina madhara kwake, akaenda nyumbani kunywa juisi ya parachichi, hakuasi ushauri. Ushauri ndio uliomfikia nusu.

Lakini jambo zito zaidi ni chumvi. Uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Zanzibar mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya watu wazima waliopimwa walikuwa na shinikizo la juu la damu. Maana yake ni kwamba kwenye sinia linalozungukwa na watu wazima sita, wawili kati yao huenda wana presha, na pengine mmoja wao hajui. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyomo kwenye mkate, samaki mkavu, vidonge vya supu na chipsi za pakiti.

Hapa ndipo ushauri wa kliniki na maisha ya nyumbani yanapopishana. Mgonjwa huambiwa, "Punguza chumvi." Anarudi nyumbani ambako chungu ni kimoja, sinia ni moja, na aliyeshika kijiko cha chumvi ni mtu mwingine ambaye hakuwapo kliniki. Hapo hubaki na njia mbili. Atengewe sahani yake pembeni, chakula kisicho na ladha, awe mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Au akae na wenzake kwenye mkeka, ale wanachokula, na presha ipande. Wazee wengi huchagua ya pili, na ni vigumu kuwalaumu. Kwa watu wa mwambao kutengewa chakula ni karibu sawa na kutengwa. Mhudumu wa afya anayemuuliza mgonjwa wa presha kama anafuata masharti angepata jibu la kweli zaidi iwapo angeuliza nani anayepika, kisha akaomba mtu huyo aje naye siku ya kliniki inayofuata.

Chatini ya parachichi ina faida moja ambayo mchuzi uliokwisha kuchemka hauna: hutiwa viungo mwishoni, mbele ya macho, na kwa baridi. Mpishi anaweza kuonja na kusimama pale anapotaka. Tena ulimi hautafuti chumvi peke yake. Ukali wa ndimu, moto wa pilipili mbuzi, harufu ya thomu mbichi na ya bizari nyembamba iliyokaangwa kavu kisha ikasagwa, vyote hufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo kwa mazoea huachiwa chumvi. Kwa hiyo chumvi ya sinia zima inaweza kushuka bila yeyote kutengewa sahani.

Kwa watu wanane, maparachichi matatu makubwa yaliyoiva hutoa takriban gramu 600 za nyama. Huhitajika pia ndimu mbili, kitunguu maji kimoja, punje mbili za thomu, pilipili mbuzi moja, fungu dogo la kotmiri, nyanya mbili ngumu, kikombe kimoja cha maharage yaliyochemshwa hadi yakalainika bila kutiwa chumvi, na nusu ya kijiko cha chai cha bizari nyembamba. Chumvi ni robo ya kijiko cha chai, nayo iwe yenye madini joto. Kupunguza chumvi hakumaanishi kurudi kwenye chumvi ya mawe isiyotiwa madini hayo, kwani mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wanayahitaji kwa ajili ya ukuaji wa ubongo. Robo ya kijiko ni takriban gramu moja na nusu. Ikigawanywa kwa watu wanane, kila mmoja hapati hata gramu 0.2.

Parachichi haliivi likiwa mtini. Huanza kulainika baada ya kuchumwa, na kwa kuwa maparachichi mengi yauzwayo mjini huvushwa kutoka Bara, ambako miinuko ya Njombe, Rungwe na Kilimanjaro huyafaa zaidi, mnunuzi hukutana nayo yakiwa katika hatua mbalimbali. Lililo gumu liwekwe pamoja na ndizi mbivu ndani ya mfuko wa karatasi kwa siku mbili au tatu, na hewa inayotoka kwenye ndizi italiharakisha. Lililo tayari hubonyea kidogo karibu na kikonyo. Lile ambalo ganda lake limeachana na nyama na likitikiswa hutoa mlio wa kokwa lisinunuliwe kwa chatini, hata muuzaji akilisifu vipi.

Kabla ya kisu, maji. Wengi huona hakuna haja ya kuosha tunda ambalo ganda lake litatupwa, na kosa huanzia hapo. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi wa maparachichi, ambapo takriban sampuli 17 katika kila 100 za maganda zilikutwa na bakteria aina ya Listeria, ilhali ndani ya nyama walikutwa kwa nadra sana, chini ya sampuli moja katika 100. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu ndicho kinachowabeba wadudu hao hadi ndani. Listeria humsumbua kidogo mtu mwenye afya, lakini kwa mjamzito inaweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa akiwa mgonjwa. Parachichi lisuguliwe kwa mikono au kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, likaushwe, ndipo likatwe. Likatwe juu ya ubao, si juu ya kiganja. Madaktari wa upasuaji wa Uingereza walilalamika hadharani mwaka 2017 juu ya wingi wa watu waliojikata mishipa na neva za mkono wakitoa kokwa la parachichi kwa ncha ya kisu. Kijiko hutoa kokwa vizuri, na hakikati mtu.

Maji ya kuoshea nyanya, vitunguu na hasa kotmiri, ambayo majani yake huficha udongo, yawe yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, kwa sababu vitu hivi vitaliwa vibichi. Unguja ina historia ndefu na maradhi ya maji machafu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi hapa wakati wimbi la kipindupindu lilipoingia mwaka 1869, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya milipuko ya maradhi hayo Afrika Mashariki. Mlipuko wa 2015 na 2016 bado wakumbukwa na wengi, na Serikali ya Mapinduzi baadaye iliandaa mpango wa kukitokomeza kipindupindu visiwani kati ya 2018 na 2027. Ndimu ina msaada wake: watafiti waliofanya kazi Guinea-Bissau katika miaka ya 1990 waligundua kwamba watu waliotia maji ya ndimu kwenye chakula chao walipata kipindupindu kwa uchache zaidi, kwa kuwa vimelea vyake havistahimili ukali. Hata hivyo ndimu si badala ya kuosha. Haiui kila mdudu, na katika chatini mafuta ya parachichi huupunguza ukali wake.

Mapishi yenyewe ni mafupi. Kitunguu hukatwa vidogo vidogo na kulowekwa ndani ya maji ya ndimu moja kwa dakika kumi, akapoa ukali. Thomu, pilipili na chumvi yote hupondwa pamoja kwenye kinu hadi vikawa rojo, kwa sababu chumvi iliyopondwa na viungo huenea kila mahali na ulimi huisikia upesi kuliko ile iliyomwagwa juu juu. Nyama ya parachichi hutiwa ndimu ya pili mara tu inapotoka kwenye ganda, kisha hupondwa kwa uma, isilainike mno, vibaki vipande vya kutafuna. Rojo ya viungo na kitunguu huchanganywa humo. Juu yake hupangwa maharage yaliyopakwa bizari, nyanya zilizotolewa mbegu na maji, na kotmiri iliyokatwakatwa. Mwenye uwezo anaweza kuongeza pweza aliyechemshwa akalainika na kukatwa vipande vidogo. Pweza wa baharini tayari ana chumvi yake, na hahitaji nyingine. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi, na jibini la pakiti, huirudisha chumvi yote iliyokwisha kupunguzwa, na afadhali viachwe.

Halafu swali la kuchovyea nini. Hesabu yote iliyofanywa kwenye bakuli huvunjika iwapo chatini italiwa kwa chipsi kavu za pakiti. Muhogo wa kuchemsha, shelisheli la kuchoma, viazi vitamu, vipande vya tango na karoti, au mkate wa mofa kwa nyumba zinazoupata, hufaa zaidi. Mgonjwa wa kisukari akumbuke kwamba muhogo na shelisheli ni wanga hata kama havina utamu, na kwake tango na karoti ndivyo viwe vingi.

Kila mlaji kati ya wale wanane atapata takriban kilokalori 150, nyuzinyuzi zipatazo gramu sita, na mafuta ambayo kwa sehemu kubwa ni ya aina isiyoganda, yenye kufanana na ya zeituni. Mafuta hayo, yakichukua nafasi ya samli au ya mafuta ya kukaangia, husaidia kushusha lehemu mbaya katika damu. Yakiongezwa juu ya samli na sambusa zilezile, hayashushi chochote ila humnenepesha mlaji. Jambo hili husahauliwa kila mara chakula fulani kinaposifiwa kuwa ni dawa.

Kuna sifa nyingine ya parachichi ambayo kwa mtu mmoja ni neema na kwa mwingine ni hatari, nayo ni potasiamu. Gramu 100 zina miligramu 485 hivi, kuzidi ndizi mbivu yenye takriban 360. Kwa mwenye presha ambaye figo zake ni nzima, potasiamu husaidia mwili kutoa sodiamu na kulegeza mishipa, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3510 kwa siku kutokana na chakula. Kwa mwenye figo zilizochoka, hasa anayesafishwa damu kwa mashine, potasiamu haitoki ipasavyo, hujikusanya, na ikizidi huweza kuusimamisha moyo bila onyo. Wagonjwa wengi wa kundi hili huelekezwa wasivuke takriban miligramu 2000 hadi 2500 kwa siku. Fungu moja la chatini hii, pamoja na maharage na nyanya zake, lina zaidi kidogo ya miligramu 500. Ni robo ya siku nzima ndani ya vipande vichache vya muhogo, na muhogo nao una potasiamu yake.

Mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kujipimia kwa kubahatisha. Amuulize daktari au mtaalamu wa lishe wa kitengo chake, akiwa na majibu ya damu mkononi. Mhudumu wa afya naye akumbuke kuuliza dawa. Kaptopili, enalapili, losatani na spironolaktoni, zinazotolewa sana kwa presha na moyo, huzuia potasiamu isitoke, na mgonjwa wa figo anayezitumia yuko karibu zaidi na hatari. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa jina la chumvi ya wenye presha mara nyingi ni potasiamu tupu au nusu yake, na haifai kabisa kumpelekea mgonjwa wa figo kama zawadi. Anayemeza warfarini kwa ajili ya kuzuia damu kuganda asibadili ghafla kiasi cha parachichi alichozoea, kwani zipo taarifa za wagonjwa ambao dawa ilipungua nguvu walipoanza kulila kwa wingi.

Kundi jingine husahauliwa kwa sababu halina ugonjwa. Baadhi ya watu wenye mzio wa mpira asilia, wakiwemo wauguzi na madaktari wanaovaa glavu za mpira kila siku, hupata pia mzio wa parachichi, ndizi na kiwi, kwa kuwa protini zake zinafanana. Midomo ikiwasha au koo likibana baada ya kula chatini, muuguzi huyo aangaliwe pia kwa upande wa glavu.

Kwa mwenye kisukari anayefunga, chatini ina mahali pake na wakati wake. Haipandishi sukari kwa kasi, na nyuzinyuzi na mafuta yake huchelewesha wanga wa muhogo kuingia katika damu. Sifa hiyohiyo huifanya isifae pale sukari inaposhuka. Mtu anayetumia insulini au glibenklamidi akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, na kipimo kikawa chini ya 3.9, anatakiwa afungue papo hapo, hata kama imebaki robo saa adhana itoke, kwa maji ya sukari au tende. Kumlisha parachichi wakati huo ni kumchelewesha, kwa sababu mafuta hulifanya tumbo litoe chakula polepole.

Watu wakishakaa, desturi ya kupitisha birika na bakuli la kunawia ifanyike kwa sabuni, si kwa kuloanisha vidole tu. Bakuli la chatini liwe na mwiko wake, kila mtu ajichotee upande wake wa sinia ndipo achovye. Hilo halivunji ushirika wa kula pamoja, kwani pilau nayo kila mtu hula ya mbele yake. Linalozuiwa ni kipande kilichokwisha kung'atwa kurudi ndani ya bakuli la wote, jambo ambalo huwapata zaidi watoto, na wazee wanaocheka huku wakizungumza.

Kwa joto la Unguja chatini isikae nje zaidi ya saa mbili. Anayetaka kuila tena wakati wa daku atenge sehemu yake kabla ya futari, afunike kwa plastiki iliyogusana kabisa na uso wa chatini ili hewa isipate nafasi, aweke ndani ya friji. Kuacha kokwa katikati, kama wengi wanavyofanya, huhifadhi rangi ya pale lilipokaa tu. Asubuhi uso waweza kuwa umegeuka kahawia, kwa sababu kimeng'enya kilichomo ndani ya tunda kimekutana na oksijeni. Rangi hiyo si uozo, hukwanguliwa na chatini ya chini ikaliwa. Ile iliyobaki kwenye sinia tangu Magharibi, ikapitiwa na mikono ya watu wanane, itupwe hata kama bado ni ya kijani.